Kompyuta Namba Nne Ilinikumbuka

Mkuu wa shule aliniita ofisini kwake Jumatano moja, kabla ya kipindi cha tatu. Akanionyesha kiti, akapanga kalamu zake mezani, kisha akasema, "Mwalimu, nasikia mimi natembea kama mtu anayepima kiwanja."

Masikio yangu yalipata moto. Haikuwa uongo. Alikuwa na hatua ndefu zilizolingana, na kichwa alikiinamisha mbele kama mtu anayehesabu. Lakini maneno hayo nilikuwa nimeyaandika mahali pamoja tu, katika barua pepe niliyompelekea dada yangu, muuguzi aliyekuwa akifanya kazi Mwanza. Dada yangu hakumjua mkuu wangu hata kwa sura.

"Tena nasikia unatuhama," akaendelea. "Unakwenda Ulaya. Umechoka kula vumbi la Dodoma. Na mimi niliyekuajiri ndiye wa mwisho kujua?"

"Mkuu, nani amekwambia?"

"Hilo si swali la kuniuliza mimi."

Siku hiyohiyo alininyang'anya kidato cha nne. Alisema hawezi kuwaacha watahiniwa mikononi mwa mtu ambaye mguu mmoja uko nje. Nilikuwa nimewafundisha hisabati wanafunzi wale tangu wakiwa kidato cha kwanza, wengine hawajui hata kugawanya, na walikuwa wamebakiza miezi michache wafanye mtihani. Niliondoka ofisini bila kujitetea, kwa sababu sikujua ninajitetea dhidi ya nani.

Nyumbani nilikuta habari imenitangulia. Mama alikuwa uani anachambua mchele, na salamu yangu aliiitikia bila kuinua uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimesikia kwa fundi cherehani kwamba binti yangu anasafiri."

"Mama, bado. Ni maombi tu. Hata fomu sijaipeleka."

"Fundi cherehani anajua. Wateja wake wanajua. Mimi nimekwenda kuchukua gauni langu naulizwa, 'Mwanao anaondoka lini?' Nikabaki nimeduwaa kama mgeni kwenye nyumba yangu."

Nilijaribu kumweleza. Mwaka uliotangulia niliomba nafasi ya masomo, nikamwambia mapema, naye akaitangaza kwa ukoo mzima. Sisi ni watu wa mjini hapa, familia zetu zimekaa na kufanya biashara Dodoma tangu enzi za misafara, na jambo likiingia nyumba moja linazitembelea zote. Nafasi ile sikuipata, na kwa miezi mingi shangazi zangu walikuwa wakiniuliza kwa sauti ya pole mambo yaliishia wapi. Ndiyo maana safari hii nilitaka kungoja jibu kwanza. Mama alisikiliza, mikono yake ikiendelea na ungo. Mwisho akasema, "Uliogopa nitasema. Sasa amesema nani?"

Nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumshuku, na kesho yake baada ya vipindi nikaenda kumtafuta.

Kafe ya intaneti ilikuwa Uhindini, katika chumba kilichowahi kuwa duka la vitambaa. Ilikuwa miaka ile ambapo kila kitu kilifunguliwa kwa watu binafsi. Shule kama yetu zilichipuka, kampuni za simu zikaja, maduka yakajaa bidhaa ambazo zamani tulizisikia tu, na huku nyuma mashirika ya serikali yakawa yanapunguza watu. Msimamizi wa kafe alikuwa mmoja wa waliopunguzwa. Alikuwa mzee wa Kirangi kutoka Kondoa, kofia ya kufumwa kichwani muda wote, aliyepokea na kupeleka telegramu kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kuambiwa kwamba kazi yake haipo tena. Tajiri mmoja mwenye duka la redio akamchukua amsimamizie kompyuta sita. Kila kompyuta ilikuwa na namba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe. Mimi nilizoea namba nne, kwa sababu vitufe vyake vilikuwa bado vinasomeka.

Niliingia nikasema mbele ya wateja, bila hata shikamoo, "Mzee, wewe unasoma barua zetu."

Alikuwa ameshika daftari la zamu. Akalifunga polepole.

"Mwanangu, kaa kwanza."

"Sikai. Niliandika barua humu ndani Jumamosi, Jumatano mkuu wangu ananisomea kwa mdomo wake. Nani mwingine anajua hizi kompyuta kuliko wewe?"

Watu waligeuka kwenye viti vyao. Mzee alinitazama, na macho yake hayakuwa ya hasira. Afadhali yangekuwa ya hasira.

"Mimi nimepeleka telegramu za misiba," alisema. "Nimepeleka za wanaume wanaowakana watoto. Nimepokea habari ya kifo cha mdogo wangu mwenyewe, nikaiandika kwa mkono huu, nikamaliza zamu ndipo nikalia. Hakuna mtu mji huu aliyewahi kusikia telegramu ya mwenzake kutoka kwangu. Sasa njoo unionyeshe barua yako ulivyoiandika. Hatua kwa hatua, kama Jumamosi."

Aibu ilikuwa imeanza kuniingia lakini hasira ilikuwa bado mbele. Nikakaa namba nne. Nikafungua tovuti lilimokuwa sanduku langu la barua. Nilikuwa nikingoja ukurasa uniulize jina na neno la siri, kama kawaida. Haukuuliza. Ulifunguka moja kwa moja, ukanikaribisha kwa jina langu kamili, na chini yake barua zangu zote zimejipanga.

"Umeandika neno la siri?" mzee aliuliza.

"Bado."

"Sasa imekujuaje?"

Nikafunga, nikafungua tena. Ikanikaribisha tena. Tukahamia namba mbili, ikaniuliza jina na neno la siri. Tukarudi namba nne, karibu sana, barua zako hizi hapa. Nikawa naibofya ile kompyuta kama mtu anayemzaba mwizi makofi.

Nilipobonyeza mahali pa kutoka, ule ukurasa wa kuingilia ukarudi, na hapo ndipo nilipoona kisanduku kidogo chini ya sehemu ya neno la siri. Pembeni yake kulikuwa na maneno ya Kiingereza yanayomaanisha: nikumbuke kwenye kompyuta hii. Nilikumbuka kukitia alama. Niliona kama ni adabu ya tovuti, inaniomba ruhusa ya kunikumbuka, nami nikasema haya. Kisha nilipomaliza kuandika nikafunga dirisha kwa ule msalaba wa pembeni, nikachukua mkoba wangu, nikaondoka. Kompyuta ile hutumiwa na watu ishirini kwa siku, na wote hao niliwaachia mlango wazi.

Nilimwomba mzee radhi hapohapo, mbele ya watu walewale. Alisema, "Yamekwisha," lakini siku mbili tatu hakunitania kama alivyozoea, na mimi nilijua kwa nini.

Alichofanya ni kulivalia njuga jambo lile. Kompyuta zilikuwa na kurasa za maelezo ndani yake, kwa Kiingereza kigumu, na yeye akawa anazisoma na kamusi pembeni, anaandika kwenye daftari kwa mwandiko ule wa telegramu, herufi kubwa tupu. Nilipopita wiki iliyofuata alikuwa amepata.

"Inaitwa kuki," alisema.

"Biskuti?"

"Ndilo jina walilolipa. Usiniulize kwa nini."

Siku hizi watu wa lugha wamezipa jina la vidakuzi, lakini wakati ule tulisema kuki, na wengi walidhani tunafanya mzaha. Mzee alinieleza hivi. Tovuti haina macho. Ukifungua ukurasa mmoja kisha wa pili, yenyewe haijui kwamba ni wewe yuleyule. Kwa hiyo inaandika kikaratasi, inakiacha ndani ya kompyuta uliyokalia, na kila ukirudi inakiomba kikaratasi chake, inasoma namba yako, inasema kumbe ni yule. Vingine vinakufa ukifunga dirisha. Vingine vinaishi miezi, hata miaka. Kile kisanduku nilichotia alama kilikuwa kimeagiza kikaratasi cha kuishi.

Akanifungulia mahali vinapokaa. Vilikuwa mamia. Kila kimoja kilikuwa na jina la tovuti iliyokiacha. Palikuwa na za magazeti, za mpira, za kutafuta wachumba, za kuomba viza, moja ya hospitali inayoshughulikia ugumba. Hakukuwa na majina ya watu, lakini mzee alikuwa na daftari la zamu, nani alikaa wapi saa ngapi. Aliona nilichokuwa nafikiri, akafunga haraka.

"Mimi sikutaka kujua haya," alisema.

Daftari hilohilo ndilo lililonipa jibu langu, ingawa hakunionyesha. Nilimuuliza tu nani alikaa namba nne baada yangu ile Jumamosi. Alikataa. Nikamuuliza mara ya pili. Akasema, "Mwalimu, waulize walimu." Kisha akajiuma ulimi.

Katika walimu wetu, aliyekuwa akienda kafe ile kama mimi ni mmoja tu, wa Jiografia, na tulikaa meza moja kwa miaka mitatu. Tulikuwa tunagawana maandazi. Nilimkuta ofisi ya walimu anasahihisha madaftari, nikamuuliza moja kwa moja, na yeye hakukana.

"Nilifungua ili niangalie barua zangu, nikakuta zako," alisema. "Mlango uliuacha wazi mwenyewe."

"Mlango ukikuta wazi, unaingia mpaka chumbani?"

"Niliona jina la mkuu. Ungekuwa wewe usingesoma?"

Nilitaka kusema hapana. Nilikawia kusema, akaona.

"Lakini kumpelekea yeye?"

"Sikumpelekea. Nilimwambia mtu mmoja tu, kwa kucheka. Yule wa maktaba." Akaweka kalamu chini. "Na fundi wangu wa nguo. Dada, sikujua ni fundi wa mama yako. Nisamehe."

Nilimsamehe kwa mdomo. Maandazi hatukugawana tena, na hakuna aliyelizungumzia.

Yangeishia hapo ningeshukuru. Lakini fomu ilikuwa bado, na ni kwa ajili ya fomu ile nilikuwa nimeingia kwenye matatizo yote.

Nilikuwa nimempata msichana katika darasa langu, kidato cha pili, aliyekuwa anapoteza uwezo wa kuona. Mwanzoni alikaa mbele, kisha akawa anasimama ubaoni kabisa, pua karibu na chaki, na mwisho akawa anakaa tu ananisikiliza. Nilikuwa nachora pembetatu ubaoni nasema "hii hapa, na hii hapa," na yeye anaandika neno "hapa" kwenye daftari. Siku nilipoliona daftari lile nilijisikia vibaya sana. Nilikwenda Buigiri kuwatembelea wanaofundisha watoto wasioona, nikawaona watoto wakisoma kwa ncha za vidole haraka kuliko wangu wanavyosoma kwa macho, na nikaanza kutafuta mahali pa kujifunza kufundisha hisabati kwa namna hiyo. Chuo nilichokipata kilikuwa nje ya nchi, na kilipokea maombi kwa tovuti yake tu. Fomu yenye kurasa saba.

Nilirudi kafe nikiwa na vyeti vyangu na wiki mbili mbele yangu kabla maombi hayajafungwa. Nikajaza ukurasa wa kwanza, jina na kuzaliwa. Wa pili, shule nilizosoma. Nikabonyeza kuendelea, ukaja ukurasa wa kwanza, mtupu. Nikajaza tena. Ukarudi tena. Mara ya nne nikapiga meza kwa kiganja.

"Mzee, hii kompyuta imerogwa!"

Alikuja akaangalia, akakuna kichwa juu ya kofia. Kumbe baada ya yale yaliyonipata alikuwa amekata shauri. Kwenye sehemu ya mipangilio kulikuwa na kitelezo cha kupandisha na kushusha, cha kuamua kuki ngapi zipokelewe. Alikuwa amekipandisha juu kabisa kwenye kompyuta zote sita. Hakuna kuki hata moja inayoingia. Hakuna siri ya mtu inayobaki. Alikuwa amefunga kazi kama alivyokuwa akifunga ofisi ya telegramu.

Na tovuti ya chuo, kwa kuwa haina macho, kila nikivuka ukurasa ilinisahau.

Si mimi peke yangu. Wateja walikuwa wakilalamika kwamba masanduku yao ya barua hayafunguki, na mwenye kafe alishakuja mara mbili kumfokea mzee. Mara ya pili nilikuwepo.

"Watu wanakwenda kafe ya jirani," tajiri alisema. "Rudisha kama zamani."

"Kama zamani, watu wanasomana barua, bosi."

"Wasomane! Wewe umewekwa hapa uwashe na uzime."

Alipoondoka yule tajiri, mzee alinigeukia akasema, "Nikiachia zote, yaliyokupata wewe yatampata mwingine. Nikizuia zote, fomu yako haiendi. Walioitengeneza hii hawakufikiria kompyuta moja kukaliwa na watu ishirini."

Tulishinda siku tatu kwenye namba nne. Nilitoka shuleni na chaki bado mikononi. Siku ya kwanza aligundua kwamba kuna orodha ambapo unaweza kuitaja tovuti moja kwa jina na kuiruhusu, zingine zibaki nje, lakini kitelezo kikiwa juu kabisa orodha ile haipokei kitu. Siku ya pili umeme ulikatika kabla hata sijaigusa fomu, nikakaa gizani nikatukana kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Siku ya tatu alikishusha kitelezo ngazi moja, akaandika anwani ya chuo kwenye orodha, akabonyeza kuruhusu, akasimama nyuma yangu. Ukurasa wa pili ukaja. Wa tatu ukaja. Wa saba ulipokuja nilikuwa nimekaza taya mpaka zinauma. Nikabonyeza kutuma, ukatokea ukurasa mweupe wenye mstari mmoja wa asante.

"Sasa usiondoke," mzee alisema.

Akanisimamia nifanye mwenyewe. Kwanza nitoke kwa kubonyeza mahali pa kutoka, si kufunga dirisha tu. Kisha nifungue mipangilio, nifute kuki zote zilizoachwa. Kisha niifungue upya tovuti, nione kama bado inanijua. Haikunijua. Akabandika karatasi ukutani, kwa herufi kubwa: USITIE ALAMA PA KUKUMBUKWA. UKIMALIZA TOKA, USIFUNGE TU. KISHA NIITE NIFUTE. Kompyuta zote akaziweka ngazi ileile ya kati, na tovuti za barua akaziruhusu moja baada ya moja kwa majina. Wateja walinung'unika kwamba sasa kila siku wanaandika neno la siri upya. Mimi nilikuwa nawaangalia tu. Siku hizi simu yangu kila saa inaniuliza nikubali vidakuzi vyote, na wajukuu wa shangazi zangu wanabonyeza kubali kabla hawajasoma. Mimi naingia kwenye mipangilio, nakataa visivyo vya lazima, nakawia, wananicheka.

Jibu la chuo lilikuja baada ya miezi miwili na lilinitia wazimu. Waliandika kwamba wamepokea maombi matano kwa jina langu. Manne yalikuwa na ukurasa mmoja au miwili tu, na waliniomba niwaeleze lipi ni la kweli na kwa nini nimeomba mara tano. Niliandika barua ndefu kueleza kitelezo, umeme, na kompyuta ya watu ishirini. Walijibu kwa mistari miwili. Wameelewa, lakini nafasi za mwaka ule zimejaa, nimepewa ya mwaka unaofuata.

Mwaka mzima, basi, nilikaa kwenye ofisi ile ya walimu na mtu ambaye hatusemezani ila habari za ratiba. Kidato cha nne sikurudishiwa. Matokeo yao ya hisabati yalipotoka mkuu aliyabandika mwenyewe, akaondoka na zile hatua zake, hakuniangalia. Msichana wangu alikuwa amehamishwa na wazazi wake kabla sijajifunza chochote cha kumsaidia.

Barua rasmi ya kupata nafasi ilipofika, niliichapisha kwa mzee, nikaikunja, nikaenda nayo nyumbani moja kwa moja. Sikumpitia mtu yeyote njiani. Mama alikuwa anaanua nguo. Nilimsomea yote, nikimfasiria mstari kwa mstari, mpaka saini.

"Sijamwambia mtu, mama. Wewe ndiye wa kwanza."

Alichukua karatasi akaiangalia, ingawa Kiingereza hakukisoma.

"Safari hii nimemtangulia fundi cherehani," alisema. Akaikunja, akaitia kwenye pindo la kanga yake, akarudi kwenye kamba ya nguo. Jioni nilimsikia akimwambia shangazi, ng'ambo ya ukuta wa uani, kwamba hapa kwetu hakuna jipya.